Mita 300 niko sawa, 100 za mwisho miguu inakataa. Nguvu ya misuli huwa inatoka wapi na inaenda wapi?

Kijana_wa_Bondeni (Nakuru)

Habari zenu wadau. Mimi nko Nakuru, nakimbia 400, na kuna kitu nataka nielewe vizuri sio juu juu. Nikitoka kwa bloku nko sawa, kona ya kwanza sawa, streti ya nyuma naskia mwili uko na nguvu hadi nasema leo nitamaliza na hii spidi, alafu nikitoka kona ya mwisho, kitu mita 80 hivi imebaki, magoti hayapandi tena, mapaja mazito, mikono inakauka hadi shingo inakauka, na sio ati nimekata tamaa, akili inataka lakini miguu haiskii. Nikivuka laini nalala hapo hapo chini na hata kusimama ni shida.

Sasa kila mtu ako na yake. Kochi anasema ni asidi ya laktiki, ati ni sumu inajaa kwa misuli, na hiyo hiyo ndio hufanya mapaja yaume siku mbili baadaye. Rafiki yangu tunafanya naye mazoezi yeye hubeba glukosi ya unga, anailamba kama dakika tano kabla ya mbio, anasema nguvu ikiisha si unaongeza. Nyanyangu naye anasema sili vizuri, na ugali mimi nakula, usiku wa kuamkia mbio nakula hadi naacha mwenyewe.

Maswali yangu ni haya. Misuli yenyewe inapata nguvu kutoka wapi hasa? Ule wakati miguu inakataa, nguvu imeisha ama kuna kitu kingine? Na hiyo glukosi inasaidia mtu wa 400 ama ni imani tu? Mwenye anajua kwa undani tafadhali anisaidie, nko tayari kusoma hata kama ni ndefu.

Jogoo_wa_Bungoma

Kaka hiyo ni stamina. Amka saa kumi na moja piga kilomita kumi kila siku, mwezi mmoja hutaskia hayo maneno. Na glukosi inasaidia, sisi tukicheza mpira mashinani tulikuwa tunapewa hafu taimu na chungwa.

Mwalimu_Lurambi (Kakamega)

Kijana, nitakujibu kwa urefu kwa sababu hii mada naifundisha kila mwaka na huwa inaniuma kuona mwanafunzi amekariri namba zote za mtihani lakini hajui kwa nini yeye mwenyewe huchoka uwanjani.

Kwanza elewa hivi: msuli hauli ugali. Hauli hata glukosi. Ndani ya kila uzi wa msuli kuna nyuzi ndogo sana za protini za aina mbili, nyembamba zinaitwa aktini na nene zinaitwa mayosini. Mayosini ina vichwa vingi vinavyojitokeza pembeni, na kila kichwa kinashika aktini, kinaivuta, kinaachilia, kinashika tena mbele kidogo. Mvuto mmoja ni mfupi kupita kiasi, nanomita chache tu, lakini vichwa ni mabilioni na vinarudia tena na tena, ndipo msuli mzima unafupika na goti linapanda. Jambo hili la nyuzi kuteleza moja juu ya nyingine lilielezwa mwaka wa 1954 na makundi mawili tofauti, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande mwingine, na mpaka leo ndilo tunalofundisha.

Sasa hicho kichwa cha mayosini kinakubali kitu kimoja tu, nacho ni ATP, molekuli ndogo inayobeba nguvu ndani ya seli. Mvuto mmoja, ATP moja. Ukileta wanga, mafuta, nyama, maziwa, vyote lazima vitengeneze ATP kwanza. Na hapa ndipo watu wengi hawajui: ATP iliyomo kwenye msuli ni kidogo mno, ukikimbia kwa nguvu zako zote inatosha sekunde mbili au tatu hivi. Kwa siku nzima mwili wako unatengeneza na kutumia ATP ambayo ukiijumlisha uzito wake unakaribia uzito wako mwenyewe, na wakati wowote ule iliyomo mwilini haifiki hata nusu kilo. Yaani ni ile ile inatumika, inavunjika kuwa ADP na fosfati, inaungwa tena, inatumika tena.

Fikiria agenti wa M-Pesa pale steji. Kwa droo ana elfu chache, benki ana laki tatu. Wateja wakija mmoja mmoja hana wasiwasi. Wakija ishirini kwa mpigo wote wanataka kutoa pesa, zile laki tatu za benki hazimsaidii kitu, kinachomwokoa ni jinsi anavyoweza kujaza droo upesi. Msuli wako uko hivyo hivyo. Ugali wa usiku uko benki. Swali la 400 ni droo inajazwa kwa kasi gani.

Na inajazwa kwa njia tatu. Ya haraka kuliko zote ni kreatini fosfati, ambayo iko pale pale ndani ya msuli, inampa ADP fosfati yake na ATP inarudi mara moja bila oksijeni, bila hatua nyingi. Ubaya wake ni kwamba kwa mwendo wa nguvu zote inapungua vibaya ndani ya sekunde kumi hivi. Ya pili ni kuvunja glikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa ndani ya msuli, mpaka kufikia pairuvati, yaani vipande vidogo vinavyobaki glukosi ikishakatwa. Hii nayo haihitaji oksijeni na ni ya haraka, ila ina hasara: molekuli moja ya glukosi inakupa ATP mbili tu, au tatu ikiwa imetoka kwenye glikojeni, na kazi ikizidi pairuvati inageuzwa kuwa laktiki. Ya tatu ni mitokondria, vile viwanda vidogo vya nguvu ndani ya seli, pamoja na oksijeni, na hapa glukosi ile ile moja inakupa ATP karibu 30 mpaka 32. Huu mtambo wa mitokondria mimi unanifurahisha kuliko kitu chochote katika baiolojia. Protoni zinasukumwa upande mmoja wa utando, zinarundikana, halafu zinarudi kwa kupitia kimeng'enya ambacho kinazunguka kweli kweli, kinazunguka kwenye mhimili, na kila mzunguko mmoja kinatoa ATP tatu. Peter Mitchell alipewa Nobeli mwaka wa 1978 kwa wazo la protoni, na Paul Boyer na John Walker mwaka wa 1997 kwa kueleza kimeng'enya chenyewe kinavyofanya kazi. Kiko ndani yako sasa hivi ukisoma hapa.

Kitu kingine, msidanganywe kwamba hizi njia zinapokezana zamu, ati sekunde kumi za kreatini halafu inazimwa inawashwa ile nyingine. Zote zinafanya kazi tangu mlio wa bunduki, kinachobadilika ni nani anachangia zaidi. Mbio za mita 400 zimepimwa na ikaonekana oksijeni inachangia zaidi ya asilimia 40 ya kazi yote, na 800 inafika kama theluthi mbili. Kwa hiyo Jogoo hajakosea kabisa, mapafu na moyo vina kazi hata kwa mtu wa 400, ila kilomita kumi kila siku polepole si dawa ya mita 80 zako za mwisho.

Sasa kwenye swali lako la pili. Hapana, nguvu haijaisha. Misuli ya mtu mzima kwa jumla huwa na glikojeni kama gramu 300 hadi 500, na mbio za chini ya dakika moja haziwezi kuimaliza. Hata ATP yenyewe ikipimwa wakati mtu amechoka kabisa inakutwa imepungua kiasi lakini bado ipo. Kilichotokea ni kwamba kreatini fosfati imeshuka sana na fosfati zake zimejaa ndani ya seli, hizo fosfati zinapunguza nguvu ya kila mvuto wa mayosini na pia zinaharibu mtiririko wa kalsiamu ambayo ndiyo huamuru msuli ukaze. Kuna ioni za hidrojeni zimeongezeka, ndani ya msuli hali imekuwa ya asidi. Kuna potasiamu imetoka nje ya seli na umeme wa msuli umedhoofika. Vyote kwa pamoja. Benki imejaa, droo ndiyo haijazwi kwa kasi unayotaka, na seli inapunguza mwendo kabla haijaharibika.

Glukosi ya dakika tano kabla ya mbio: haina kazi kwa mtu wa 400. Bado itakuwa tumboni wewe ukivuka laini, na hata ingefika kwenye damu, msuli ulikuwa na yake tayari.

Kijana_wa_Bondeni (Nakuru)

Mwalimu asante sana, hii nimeisoma nikairudia. Kumbe ugali uko tu unaningoja. Lakini bado kitu kimoja hakijaingia, kama mayosini inachoka kuvuta ningeskia miguu imelegea, mbona mimi naskia inakauka? Mikono hadi shingo inakuwa ngumu, ile ugumu ya kukataa kufunguka.

Bucha_Njoro

Wakuu mimi sio wa masomo sana, nko na bucha huku Njoro na nimekuwa kwa kazi ya nyama tangu nikiwa kijana, lakini hili swali la kijana limenigusa juu ni kitu naona kila siku na sijawahi pata mtu wa kunieleza.

Ng'ombe akichinjwa akishachunwa, ukikata kipande cha paja hapo hapo kikiwa na moto, utaona nyama inacheza. Sio upepo, inaruka ruka yenyewe juu ya meza, vinyuzi vinajikunja huku na huku, na mnyama amekufa kitambo. Ukiweka mkono juu unaskia inatetemeka chini ya kiganja. Wakati huo ni laini, inakunjika vile unataka. Ukiitundika ukarudi baada ya masaa kadhaa imekauka kabisa, mguu haukunjiki hata ukiuvuta na mtu mwingine, mbuzi hata yeye hukauka haraka kuliko ng'ombe. Alafu ikikaa siku moja mbili inaanza kulegea tena, na hiyo ndio watu wanapenda kuchoma.

Ingine, ng'ombe akitembezwa mbali kutoka soko, ama akisimama kwa lori usiku mzima wakisukumana, ukimchinja tu akiteremka nyama yake inakuwa nyeusi, inashika kisu, na haikai, hata siku mbili ni shida. Mzee aliyenifunza kazi alikuwa anakataa kabisa, anasema mnyama apumzike, anywe maji, alale, ndio achinjwe kesho. Mimi hufuata hivyo hadi leo. Mwalimu hii inahusiana na hiyo ATP yako ama ni kitu tofauti?

Mwalimu_Lurambi (Kakamega)

Mzee wa bucha, inahusiana moja kwa moja, na umemjibu kijana vizuri kuliko nilivyojibu mimi.

Watu wengi wanafikiri ATP ni ya kukaza tu. Hapana, ni ya kuachilia pia. Kichwa cha mayosini kikishamaliza kuvuta kinabaki kimeng'ang'ania aktini, na hakiachii mpaka ATP mpya ije ikishike. Halafu kuna pampu zinazorudisha kalsiamu kwenye ghala lake ndani ya seli ili msuli utulie, nazo zinaendeshwa na ATP. Kulegea kunalipiwa.

Basi mnyama akichinjwa, damu imekoma, oksijeni hakuna, mitokondria zimesimama. Lakini seli za msuli hazifi papo hapo, bado zina ATP, zina kreatini fosfati, zina glikojeni, na zinaendelea kutengeneza ATP bila oksijeni. Ndiyo ile nyama unayoiona ikicheza mezani. Glikojeni inavunjwa, asidi ya laktiki inakusanyika kwa kuwa hakuna damu ya kuiondoa, pH, kile kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikizidi, inashuka kutoka karibu 7 mpaka 5.6 hivi. Mwishowe ATP inaisha kabisa, vichwa vyote vya mayosini vinabaki vimeng'ang'ania, hakuna wa kuviachisha, na paja linakauka. Kule kulegea kwa kesho yake si kwamba ATP imerudi, ni vimeng'enya vinakata kata protini za zile nyuzi.

Na yule ng'ombe aliyetembezwa amemaliza glikojeni yake njiani. Akichinjwa hana cha kuvunja, asidi haitengenezwi ya kutosha, pH inabaki juu, nyama inakuwa nyeusi na kavu, na bakteria wanaipenda, ndiyo maana haikai. Mzee wako alijua kazi. Kumpumzisha na kumlisha ni kumrudishia glikojeni.

Kijana, wewe hujafika huko, msuli wa mtu hai haumalizi ATP namna hiyo, seli inajizuia kabla. Lakini zile pampu za kalsiamu zinapokuwa za polepole kwa uchovu, msuli unachelewa kulegea. Misuli ya nyuma ya paja inatakiwa ilegee ndipo ya mbele ipandishe goti, na kwa spidi yako ina sehemu ndogo sana ya sekunde kufanya hivyo. Ikichelewa unasikia miguu imekauka na hatua inakuwa fupi. Shingo na mikono ni kwa sababu unaanza kujilazimisha na unakaza misuli ambayo haihitajiki, nayo inakula ATP bure. Legeza taya na vidole, utaona tofauti.

Fizio_Kisumu

Naomba niongeze hapo kwa laktiki maana mimi ni mfizio hapa Kisumu na hakuna wiki inapita bila mchezaji kuniambia "dada nitolee laktiki kwa miguu", siku tatu baada ya mechi.

Hiyo laktiki haiko tena. Ukimaliza 400 damu inaweza kuwa na laktati, yaani hiyo hiyo laktiki ikiwa kwa damu, milimoli 15 au 20 kwa lita wakati mtu akiwa amepumzika ni kama 1, kwa hivyo kweli inapanda sana, lakini ndani ya saa moja hivi inakuwa imerudi karibu na kawaida, na ukitembea tembea ama ujogi polepole inashuka haraka zaidi kuliko ukilala. Na haimwagwi nje kama takataka. Moyo unaitumia kama chakula, misuli mingine inaitumia, na ini linaichukua linaigeuza kuwa glukosi tena na kuirudisha kwa damu. Mzunguko huo wa ini ulielezwa na Carl na Gerty Cori, walipata Nobeli 1947. Kwa hivyo kuiita sumu ni kuionea.

Maumivu ya siku ya pili na ya tatu ni kitu kingine, ni nyuzi za msuli zimeraruka kidogo kidogo na mwili unazirekebisha, ndio maana yanakuja sana ukifanya kitu msuli unavutwa huku umekaza. Watu wa Nakuru mkishuka Menengai mbio kesho yake hamshuki ngazi, na mkipanda hamuumwi hivyo ingawa kupanda ndiko kunawamaliza pumzi. Ingekuwa ni laktiki, kupanda ndiko kungeuma zaidi.

Kuna ugonjwa mmoja wa kuzaliwa nao, ni wa nadra, uliandikwa mara ya kwanza mwaka wa 1951 na daktari Brian McArdle wa Uingereza. Wenye huo ugonjwa misuli yao haiwezi kuvunja glikojeni kabisa, hawatengenezi laktiki wakifanya mazoezi. Kama laktiki ndio ingekuwa adui wangekuwa wakimbiaji hodari kuliko wote. Lakini ni kinyume, wakipanda ngazi kwa haraka misuli inachoka mapema, inauma, saa zingine inajifunga. Wakitulia wakaendelea polepole kwa dakika kama kumi hivi wanapata nafuu, kwa sababu damu sasa inaleta glukosi ya ini na mafuta na mitokondria zinashika kazi. Mimi nikimweleza mtu hiyo ndio huwa anaacha kuichukia laktiki.

Na tafadhali, kama baada ya mazoezi makali sana misuli imevimba, inauma vibaya na mkojo umekuwa wa kahawia iliyokolea, usingoje kesho, enda hospitali siku hiyo. Hiyo ni misuli imevunjika na protini yake inaweza kuharibu figo.

Mbio_za_Elgon (Kapsokwony)

Mimi ni mtu wa masafa marefu huku Mlima Elgon na nataka kusema kwetu hali ni tofauti kidogo, kwetu hiyo benki ya mwalimu kweli huisha. Marathon ukiingia vibaya, kilomita ya thelathini na kitu unaskia mwili umezimika, sio kuchoma kama ya kijana, ni kukosa kabisa, hata mawazo yanakuwa mazito, unaona kituo cha maji unashindwa kuamua uchukue chupa gani. Hapo glikojeni ya misuli imeisha na ya ini pia inaelekea kuisha.

Na mafuta unayo, hiyo ndio inashangaza. Mtu wa kilo 60 anatumia karibu kilokalori 2,500 kwa marathon, na kilo moja ya mafuta ya mwili ina kama 7,700, kwa hivyo hata sisi wembamba tunabeba ya marathon kadhaa. Shida mafuta yanatengeneza ATP polepole na yanataka oksijeni nyingi zaidi kwa kazi ile ile, kwa hivyo ukibaki na mafuta pekee mwendo lazima ushuke. Ndio maana ukiangalia Eliud Kipchoge siku ile ya Vienna 2019, ile ya 1:59:40, alikuwa anapokezwa kinywaji cha wanga njiani tangu mapema, hangoji aishiwe. Na huku kambini watu wanakula ugali, viazi, wali, chai ya maziwa yenye sukari, sio ati hatujui nyama, ni kwamba wanga ndio unajaza misuli.

Kwa hivyo Jogoo, ile glukosi ya hafu taimu ilikuwa na maana yake, mechi ni dakika tisini. Ya kijana ni chini ya dakika moja.

Mama_Akinyi_Ahero

Samahani kuingilia mjadala wenu. Nina binti yangu ana miaka 15, hukimbia 1500 shuleni na alikuwa anafanya vizuri, lakini tangu muhula uliopita anachoka haraka sana, anahema hata akichota maji tu, na chakula anakula. Walimu wanasema ni uvivu umemwingia. Na nimemkuta anakula odowa, ule udongo mgumu wa kutafuna, kwa siri. Kwa hayo mnayosema, inaweza kuwa seli zake hazitengenezi hiyo nguvu?

Fizio_Kisumu

Mama Akinyi hujaingilia, na sio uvivu mama. Mpeleke kituo cha afya wiki hii wampime damu, waangalie himoglobini, na waangalie malaria pia, maana malaria inavunja chembe nyekundu na huku kwetu ni lazima mtu aifikirie. Msichana wa umri huo anayepata hedhi, anakimbia, na anatamani odowa, mimi kitu cha kwanza nafikiria ni upungufu wa madini ya chuma.

Inaingiana kabisa na mada. Mitokondria bila oksijeni haifanyi kitu, na oksijeni inabebwa na himoglobini ya chembe nyekundu, ambayo ina chuma ndani yake. Hata ndani ya mitokondria yenyewe kuna protini zinazohitaji chuma ili zipitishe elektroni. Kwa hivyo mtoto anaweza kula vizuri, akawa na glikojeni ya kutosha, lakini ile njia ya oksijeni imekuwa nyembamba, na kwa 1500 njia hiyo ndio inabeba zaidi ya robo tatu ya kazi. Anabaki anategemea ile ya haraka, anahema, anachoka.

Usimnunulie vidonge vya chuma dukani kabla hajapimwa, wacha waone kiwango kwanza. Nyumbani ongeza omena, maini ukipata, na mboga za kienyeji pamoja na chungwa ama ndimu, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Na chai asinywe pamoja na chakula, inazuia chuma, akae kama saa moja ndio anywe. Odowa usimgombeze, ila aiache polepole, ukishatibu upungufu hamu yenyewe hupungua.

Mama_Akinyi_Ahero

Mungu akubariki dada. Kesho asubuhi tunaenda.

Kijana_wa_Bondeni (Nakuru)

Mama pole, natumai atapata nafuu na arudi uwanjani. Mwalimu swali la mwisho. Sisi mazoezi ya spidi tunapumzika dakika moja moja kati ya mbio, kwa sababu tunaambiwa ukipumzika sana unapoa. Kwa hii hesabu ya kreatini hiyo dakika moja inatosha? Na kuna jamaa anauza poda ya kreatini hapa mjini, ni ya kununua?

Mwalimu_Lurambi (Kakamega)

Kreatini fosfati inarudi karibu nusu ndani ya dakika moja ya kwanza, na karibu yote ndani ya dakika tatu hadi tano. Inarudishwa na mitokondria, kwa hiyo unapohema baada ya mbio ujue ndiyo kazi inayofanyika. Kama lengo la siku hiyo ni spidi yenyewe, mita 60 au 80 kwa nguvu zote, pumzika si chini ya dakika tatu, tembea tembea usipoe, vaa kitu cha joto. Ukirudia baada ya dakika moja unaanza na kreatini nusu, spidi inashuka, na mwili unajifunza kukimbia polepole.

Poda: kreatini yenyewe si dawa iliyokatazwa, mwili wako unaitengeneza kwenye ini na figo na unaipata kwenye nyama na samaki, na inasaidia kweli kwa kazi fupi fupi za kurudia rudia. Ninachoogopa ni ya jamaa wa mjini ambaye hujui ameitoa wapi. Poda zingine huchanganywa na vitu vilivyokatazwa, na mbele ya watu wa kupima dawa aliyebeba lawama ni mwanariadha, hata akisema hakujua. Kwa umri wako kula samaki na maharagwe na ulale masaa ya kutosha.

Kuhusu zile mita 80, jua pia kwamba kila mtu anapunguza mwendo, hata bingwa. David Rudisha siku ya 1:40.91 ya mita 800 kule London 2012, mzunguko wa kwanza alipita kwa 49.28, wa pili ukawa 51.63, na hakuna aliyemgusa. Anayeonekana kuongeza mwendo mwishoni mara nyingi ni yule anayepunguza kidogo kuliko wenzake. Kwa hiyo mita 50 za kwanza ondoka kwa nguvu, halafu streti ya nyuma elea, usibane, kabla ya kona ya mwisho. Na kwa kujenga hiyo sehemu ya mwisho fanya mita 300 chache, mbili au tatu zinatosha, kwa mwendo wa mbio zenyewe, na kati yake pumzika dakika nane hadi kumi ukitembea, kwa sababu asidi inachelewa kuondoka kuliko kreatini inavyorudi. Mapumziko yakiwa mafupi hapo inakuwa ni zoezi jingine, la kuzoesha misuli kufanya kazi ikiwa na asidi, nalo pia lina siku yake, ila usiliweke wiki ya mashindano.